Siku moja maishani mwangu: mfugaji wa samaki vibete wa Ziwa Tanganyika

Saa 11 alfajiri. Naanza na chupa za soda zilizopinduliwa, ambamo mayai ya artemia, vijidudu vya kulisha samaki wachanga, yamelala kwenye maji ya chumvi huku pampu ikipuliza hewa. Huchukua kama siku nzima kuanguliwa, kwa hiyo kila asubuhi kuna chupa iliyo tayari na nyingine ya kuanzisha. Nazima pampu, namulika tochi chini ya chupa. Vijidudu vya rangi ya chungwa vinafuata mwanga, maganda yanabaki yakielea juu. Navivuta kwa mpira mwembamba, navisuuza chumvi, kisha nawapelekea vifaranga. Mwili wa kifaranga unaonyesha mpaka ndani, na akishiba tumbo linageuka la chungwa. Nisipoyaona matumbo hayo sibanduki pale.

Ninaofuga wanaitwa multifasciatus, ukoo mmoja na sato na perege. Dume hufika sentimita 4 hivi, jike kama 3, na nyumba yao ni gamba tupu la konokono. Hapa Kimara watu wakisikia nafuga samaki wanauliza kilo bei gani.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kubadilisha maji na kukamua sponji za vichujio. Maji ya kisima chetu hayatoi povu la sabuni, wanaofua wananung'unika, ila mimi nashukuru: Ziwa Tanganyika lenyewe lina maji magumu, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inakaribia 9, mbali na uchachu. Shida ni kwamba pH ikiwa juu hivyo, hata amonia kidogo, ile inayotoka kwenye kinyesi na chakula kinachooza, ni sumu kali. Chakula kilichobaki nakitoa hapohapo.

Saa 7 akafika mteja tuliyepatana aje saa 4.

"Dada, hawa bado watoto. Nionyeshe wakubwa."

"Kaka, hao ndio wazazi."

Akasema hanunui samaki asiyemwona vizuri. Haya. Ukiingiza mkono tu, kila mmoja anazama ndani ya gamba lake, na wavu hausaidii kitu. Inabidi ulitoe gamba zima na samaki wake ndani, ulishike mdomo ukiangalia chini juu ya bakuli, usubiri. Maji yanachuruzika tone kwa tone, mkono unakufa ganzi. Ukilitikisa unamuumiza, ukichokonoa unamuumiza zaidi. Mwishowe mkia unachungulia, anateleza mwenyewe. Nilimtoa dume, nikarudia kwa jike, na muda wote huo mteja wangu anapiga simu na kuniomba nishushe kutoka elfu 15 mpaka elfu 5. Walipokuwa bakulini ndipo akataja kwamba anakwenda kuwaweka na oskari wake, samaki mkubwa anayekula wadogo, kwenye mawe ya rangi.

Nikawarudisha kwenye tangi. Oskari angewameza siku hiyohiyo. Na hawa wanahitaji mchanga: wanauchimba kwa mdomo, wanaurundika kuzunguka magamba mpaka kila familia ina uwanja wake. Wanaishi kijiji kizima, watoto wakikulia palepale kwa wazazi. Nilimweleza yote hayo kwa heshima. Akaondoka amenuna.

Jioni nikawalisha tena, nikafuta vioo, nikapanga magamba. Giza lilikuwa limeshaingia umeme ulipokatika.

Kwa joto hili la Januari hilo ni jambo zito. Feni inayopoza maji imesimama, maji yanapata moto, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Sponji nazo zikikosa mtiririko, bakteria wanaokula amonia wanaanza kufa humo ndani. Pampu ya betri niliiweka kwenye tangi la vifaranga. Mengine nilipita na kikombe: chota, inua, mimina kwa juu maji yapate hewa, hamia tangi linalofuata, rudi la kwanza. Mgongo ukakataa, nikavuta kigoda. Mama akaja kunishikia taa, akakaa bila kuuliza kitu, kisha akachukua kikombe cha pili.

Umeme uliporudi sikuangalia saa. Nilipita na tochi tangi kwa tangi, sikuona aliyekufa. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa yule mteja: atanunua mchanga na tangi la peke yao, anataka sita. Nimemjibu aliendeshe tangi na kichujio chake wiki nne kwanza, wale bakteria wajijenge, anipigie, nimkamatie.