Vidonge vimekwisha, usingizi haujarudi

Pumu iliponibana safari hii, inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, haikufua dafu. Daktari akaniandikia prednisoloni, vidonge vya steroidi vya kupunguza uvimbe kwenye njia za hewa, miligramu 40 kila asubuhi kwa siku 5. Vidonge vyenyewe vilikuwa vya miligramu 5, kwa hiyo nilikuwa namimina vinane kiganjani, na ukizubaa kidogo kabla ya kumeza vinaanza kuyeyuka ulimini. Uchungu wake hautoki hata usukutue namna gani.

Kifua kilifunguka upesi. Nalisema hilo mapema mtu asije akadhani naitukana dawa. Nilipanda ngazi huku naongea, jambo ambalo kwa mwenye pumu si dogo.

Kizaazaa kilikuja dozi ilipokwisha. Prednisoloni huondoka kwenye damu ndani ya saa chache, na nguvu inayobaki mwilini haivuki sana siku moja na nusu. Lakini mimi saa nane za usiku niko macho makavu, moyo unadunda, nawaza kupanga upya kabati la nguo. Mchana mapaja hayana nguvu. Nikichuchumaa kuokota kitu, kuinuka mpaka nishike meza.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonitisha ni hasira. Mdogo wangu alikuwa anakoroga kikombe, kijiko kinagonga ting, ting, ting, nikahisi nitakirusha dirishani kikombe na kijiko chake. Dakika chache baadaye nikawa nalia. Akaniangalia, akauliza taratibu, "Dada, si ulisema hizo dawa umemaliza?"

Nikarudi kwa daktari. Akanipima sukari na presha, kwa kuwa steroidi huweza kupandisha vyote viwili. Akauliza kama nina kiu isiyokatika, kizunguzungu nikisimama, au choo cheusi. Sina. Ndipo akanieleza kwamba juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza kotisoli, homoni inayopanda asubuhi na kushuka usiku. Dawa ikiingia kwa wingi kutoka nje, ubongo hupunguza kuziagiza tezi hizo. Kwa dozi isiyofika wiki tatu kwa kawaida hakuna haja ya kuipunguza kidogo kidogo, tezi hurudi kazini zenyewe, ila mtu anaweza kuyumba siku kadhaa. Na uchovu mwingine, akasema, ni wa ugonjwa wenyewe: nimekohoa usiku kucha kabla hata ya kidonge cha kwanza, nilitarajia nini?

Sawa. Ila bado nina neno na dirisha la dawa. Pale niliambiwa "meza baada ya kula", basi. Sentensi moja tu kuhusu usingizi na hasira ingetosha, nami ningewatahadharisha watu wa nyumbani.

Usingizi ulitangulia kurudi, hasira ikapoa, miguu ikawa ya mwisho. Daktari hakupenda kunipa vidonge hivyo mara kwa mara, kwani dozi fupi zikirudiwarudiwa hujumlishana kwenye mifupa na macho, na kuvihitaji kila mara ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa. Akanianzishia inhela ya kuzuia, asubuhi na jioni. Nayo ina steroidi, lakini ni ya mikrogramu na inakwenda moja kwa moja kifuani. Nikishavuta nasukutua na kutema, nisije nikaota utando mweupe mdomoni.