641, namba iliyomuumbua Fermat

Namba ninayoipenda kuliko zote ni 4294967297. Kwenye kikokotoo cha dukani, kile cha tarakimu nane, haiingii. Kwenye kile cha sayansi wanachotumia wanafunzi wangu inaenea barabara, tarakimu kumi, kioo chote kimejaa. Huwa naiandika ubaoni kipindi cha mwisho cha Ijumaa, saa ambayo hakuna anayetaka kusikia habari za milinganyo.

Inapatikana hivi: chukua 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, aliamini namba za ukoo huu zote ni tasa. Vipeo vyake ni 1, 2, 4, 8, 16, kila kimoja mara mbili ya kilichotangulia, na majibu ni 3, 5, 17, 257 na 65537. Hizo tano ni tasa kweli. Ya sita ndiyo hii yetu, naye akaihesabu humohumo.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, Urusi, akaonyesha kuwa ni 641 × 6700417. Basi.

Wanafunzi hudhani aligawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, mpaka jasho likamtoka. Wapi! Namba tasa yoyote inayoigawa hii lazima, ukiitoa 1, igawanyike kwa 64. Sababu yake Euler aliieleza miaka ya baadaye. Kwa hiyo za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu! Kinachoniudhi ni kwamba hoja hiyo inasimama juu ya kanuni ya Fermat mwenyewe, ile ya masalio ya vipeo vikigawanywa kwa namba tasa. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Huyu kisu alikinoa, nyama akamwachia mwingine.

Tena unaweza kuhakikisha bila kikokotoo. 640 ni pungufu ya 641 kwa moja, kwa hiyo ukigawa kwa 641 unaweza kuihesabu kama −1. Ipandishe kipeo cha 4, inabaki 1. Lakini 640 ni 5 × 2⁷, kwa hiyo hicho ulichopandisha ni 625 × 2²⁸. Sasa tazama: 625 ni 641 − 16, yaani inahesabika kama −16, ambayo ni −2⁴. Weka mahali pake, unapata −2³² inabaki 1. Hamisha upande: 2³² + 1 haibakizi kitu. Hapo hata wale wa dawati la nyuma hunyanyua vichwa.

Wakishaelewa nawapa inayofuata, 2⁶⁴ + 1, yaani 18446744073709551617. Mfaransa Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, akapata 274177 × 67280421310721. Kikokotoo cha sayansi hapa kinasalimu amri, kinakuandikia 1.844674407 × 10¹⁹ na kukuficha tarakimu zilizobaki. Atakayetaka kuhakiki azidishe kwa mkono, na achukue karatasi pana.