Jibu Sahihi, Alama Moja

Karatasi ya jaribio ilirudi imekunjwa katikati, na pembeni mwa swali la 6 wino mwekundu ulisema: 1/5. Jibu langu lilikuwa sahihi. Nililikagua mara tatu, kisha nikachungulia karatasi ya jirani yangu wa dawati. Yeye alikosa jibu, na kapewa 3/5. Damu ikanichemka.

Swali lilikuwa la mstatili: urefu unazidi upana kwa mita 3, eneo ni mita za mraba 40, tafuta upana. Mimi nililitazama tu nikaona kwamba 5 mara 8 ni 40. Nikaandika "mita 5", nikapiga mstari chini yake, nikahamia swali la 7. Mwenzangu aliuita upana x, akaandika x(x + 3) = 40, akaupanga mlinganyo ukawa x² + 3x − 40 = 0, halafu akateleza kwenye mabano: (x + 10)(x − 4). Ukiyafungua, katikati inatoka 6x badala ya 3x. Akaikataa −10 kwa kuwa upana hauwi hasi, akahitimisha kwa mita 4. Mstatili wa 4 kwa 7 una eneo la 28! Hata kuhakiki hakuhakiki.

Wakati wa mapumziko nilimfuata mwalimu ofisini. Akanionyesha mgawanyo wake: alama moja ya kuunda mlinganyo, moja ya kuupanga ulingane na sifuri, moja ya mabano, moja ya kulikataa jibu la hasi, na moja ya jibu lenyewe.

"Wewe umenipa la mwisho tu. Nitajuaje kama hukuchungulia kwa jirani?"

Jirani aliyeandika 4. Nikalimeza hilo.

"Mwalimu, lakini nililiona."

"Uliliona kwa sababu namba zilikuwa rahisi. Haya, lione na hili." Akaandika 2x² + 3x − 7 = 0, akanisogezea kiti.

Mpaka leo naona alinionea kidogo, maana mlinganyo ule haukubali mabano ya namba nzima. Unahitaji fomula, nasi hatukuwa tumeifikia. Nikafanya nilichokijua. Nikaweka 1, ikatoka −2. Nikaweka 2, ikatoka 7. Kwa hiyo jibu limo humo katikati. Nikaweka 1.5, ikatoka 2, imezidi. Nikarudi nusu ya njia, 1.25: 3.125 jumlisha 3.75 toa 7, ikabaki −0.125. Nikaandika "1.25 na kitu kidogo", nikamrudishia karatasi nikitegemea kuchekwa.

Hakucheka. Alipitisha kalamu mstari kwa mstari, akasimama kwenye 1.25.

"Kwa nini hukujaribu 1.4?"

"Kwa sababu 1 ilipungua na 1.5 ilizidi, nikagawa katikati."

Akanyamaza kidogo. "Sasa haya ndiyo ungeniandikia kwenye jaribio. Ningekupa alama." Ile 1/5 hakuigusa. Akairudisha karatasi mbele yangu. "Na la hasi liko wapi?"

Kengele ililia nikiwa bado nimekaa pale. Nikaweka −2, ikatoka −5. Nikaweka −3, ikatoka 2.