Mbona tena?

Jumanne usiku. Mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza.

Leo gari nimeiosha mara mbili. Ya kwanza alfajiri nyumbani Fuoni, ya pili pale pale bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, baada ya kunguru wa Darajani kunifanyia walichonifanyia. Alphard nyeusi si gari ya kisiwa hiki. Chumvi inaonekana, vumbi jeupe la shamba linaonekana, alama ya kidole cha mtoto inaonekana. Tajiri wangu anasema wageni wakubwa wanapenda nyeusi. Sijui alimuuliza nani. Mgeni anayeshuka kwenye boti kutoka Dar mwezi huu haangalii rangi ya gari, anatafuta ardhi ya kukanyaga.

Ndiyo maana huwa na limau. Maji baridi na vitaulo vyeupe ni vya tajiri, vimo kwenye orodha yake. Limau ni langu. Nalikata nyumbani vipande vinne, nalifunga kwenye mfuko, nalitia ndani ya dashibodi. Mtu aliyetapika kwa saa mbili baharini ukimpa kitaulo atakushukuru, lakini ukimpa limau anafufuka.

Nikasimama na ubao wangu wa jina, shati jeupe, suruali nyeusi, jasho mgongoni. Mahamali wananijua. Mmoja wao, mzee wa makamo, akanipitia na mkokoteni umejaa masanduku: "Yakhe, wewe kila siku arusi!" Nikamwambia bibi arusi kachelewa.

Akatoka bibi wa Kipoland, miaka sabini hivi, na mjukuu wake wa kiume wa kama miaka kumi na minne, rangi imemtoka kabisa yule mtoto. Bibi pasi kaishika mkononi imefunguliwa, imetoka kugongwa mhuri wa kuingia Zanzibar, kama mtu anayerudisha dukani kitu kibovu. Hata salamu hakuna. Kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno akaniambia: Tanzania nimeshaingia. Nilikuwa Arusha siku nane. Mbona tena?

Swali hili nalijua kama ninavyojua matuta ya barabara ya Paje. Miaka kumi na moja naendesha wageni, na sidhani imepita wiki mbili sijaulizwa, kama si kwa pasi basi kwa bima. Maana tangu Oktoba 2024 kuna na bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, hata kama unayo yako ya kwenu, hata kama viza umeshailipia bara. Na anayeulizwa si aliyepanga. Aliyepanga yuko ofisini kwake. Anayeulizwa ni dereva, kwa sababu dereva ndiye mwenyeji wa kwanza ambaye hana dirisha la kioo mbele yake.

Majibu nimeyabadilisha mara nyingi. Zamani nilikuwa nawapa historia nzima: Tanganyika uhuru Desemba 1961, sisi Desemba 1963, Mapinduzi Januari 1964, Muungano Aprili 26 mwaka huo huo. Tukifika Tunguu wameshalala. Halafu nikawa nawaonyesha bendera: hiyo ya buluu, nyeusi na kijani ndiyo yetu, na ile ndogo iliyo pembeni yake juu ndiyo ya Muungano, tuna rais wetu, tuna Baraza letu la Wawakilishi. Wanatikisa kichwa kama wameelewa. Siku moja akapanda mwanasheria, sijui wa wapi, akanibana: kwa hiyo uhamiaji ni wa serikali ya Zanzibar? Nikasema hapana, uhamiaji ni jambo la Muungano. Akasema basi serikali ile ile imeniuliza mara mbili. Nikawasha redio.

Nikaja na mfano wa ndoa. Huu ulinifaa karibu mwaka mzima. Nilikuwa nasema: ni mtu na mkewe, wameoana 1964, lakini mke kabaki na ufunguo wa nyumba ya kwao. Wageni wanacheka, wananipa bakshishi, safari inakuwa nyepesi. Mpaka nilipowapakia maharusi wa Dar, vijana, wamekuja fungate. Mambo ya pasi hayawahusu, lakini mimi kwa mazoea na kutaka kuwachangamsha nikautoa mfano wangu. Mume akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole tu: "Samahani kaka, hapo mke ni nani?"

Bibi arusi akacheka peke yake. Mimi nikaangalia barabara. Toka Mwanakwerekwe hadi miembe ya Bungi hakuna aliyesema neno, na pale kwenye miembe ndipo nilipopata la kusema, nikawaambia hii inaitwa miembe ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, sultani wa zamani, na kivuli chake, na umri wake. Sijawahi kuipenda ile miembe kama siku ile. Mfano wa ndoa nimeuacha.

Kwa hiyo leo bibi wa Kipoland aliponiuliza sikuwa na kitu. Nikasema, "Pole sana, mama." Neno "pole" alikuwa ameshalijua, Arusha wanalo. Nikampa yeye kipande cha limau, nikampa na mtoto. Tukaondoka.

Alitulia tulipoanza kuacha nyumba nyuma. Akaanza kuongea mwenyewe, ananiangalia kwenye kioo. Anakaa mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani. Ujana wake, anasema, ule mpaka ulikuwa foleni, karatasi, askari kufungua mkoba na kutazama mpaka soksi. Baadaye akawa anavuka kwenda kununua sabuni, kwa miguu, hakuna anayemsimamisha. Ilianza 2007, mwezi wa Desemba. Tarehe anaikumbuka kama mtu anavyokumbuka kuzaliwa kwa mwanawe. Ndiyo maana, akasema, mtu akiniambia fungua pasi, moyo wangu unarudi kule. Si hasira kwako.

Nikamwambia nimeelewa. Sikuelewa yote, lakini ile ya soksi niliielewa.

Mtoto huku nyuma limau limeshamrudisha duniani. Akaitaka pasi yake, akaifungua juu ya goti, akaanza kuupiga picha mhuri. Anapiga, anaangalia, hajaridhika, anapiga tena, gari inaruka kwenye tuta. Akamwambia bibi yake jambo kwa lugha yao, bibi akacheka mara ya kwanza tangu Malindi. Nikauliza. Akanitafsiria: anasema ameshakwenda nchi sita za Ulaya na pasi yake ni tupu, hakuna anayekugongea kitu. Sasa anayo mihuri miwili kwa nchi moja. Huu wa Zanzibar anausikitikia tu kwamba umepigwa kombo.

Miaka kumi na moja naomba radhi kwa mhuri ule.

Jozani, kwenye msitu, tukapunguza mwendo. Pale matuta yapo kwa ajili ya kima punju, wasigongwe wakivuka, na kweli yamesaidia; leo walivuka wanne, mmoja ana mtoto kifuani, nikasimama mpaka wakaisha. Wageni wakafurahi. (Shule anayosoma binti yangu iko kando ya barabara, na tuta hakuna. Hili huwa silisemi ndani ya gari. Nalisema hapa.)

Kitogani, kisha Paje, saa moja na ushei toka bandarini. Hoteli yao iko upande wa pwani, mwisho wa njia ya mchanga, ukuta mrefu wa mawe na geti la mbao. Mlinzi wa geti ni mtoto wa mjomba wangu. Tumelala jamvi moja, tumekula sahani moja, tumeogelea pale ambapo sasa ni bwawa la kuogelea, na hili ni jambo sijawahi kulizoea: watu kuchimba bwawa hatua thelathini kutoka baharini. Akaja na daftari dirishani.

"Jina la dereva?"

"Si unalijua."

"Liseme tu, kaka. Kuna kamera."

Nikalisema. Na la baba, na la babu. Akaandika taratibu, herufi kubwa kubwa, kama darasani. Namba ya gari. Saa ya kuingia. Kisha akaniambia kile anachoambiwa kuwaambia madereva wote, kwamba nikishusha mizigo nitoke ndani ya dakika kumi na tano, na nisipite upande wa ufukweni. Bibi alikuwa ananiangalia kwenye kioo. Hakuuliza kitu, lakini akasema kidogo kidogo, kwa Kiswahili chake cha Arusha: "Pole."

Nilitoka kwa dakika tisa. Gari nikaiegesha chini ya mnazi uliokwisha kuanguliwa nazi zake, nikaenda kwa miguu kwa mama. Maji yalikuwa yamekupwa sana, bamvua, na mama alikuwa bado huko chini na wenzake, wameinama kwenye kamba zao za mwani, kanga zimefungwa kiunoni. Kutoka nyumbani kwake unapita nyuma ya ukuta wa hoteli, unazunguka, ndiyo unafika. Zamani ulikuwa unashuka moja kwa moja. Nilimpungia, akanipungia, hakuja. Maji hayangoji. Dada kaniwekea muhogo na pweza wa nazi, nikala nimesimama ili suruali isikunjike.

Niliporudi kwenye gari, mtoto wa jirani alikuwa ameshachora mlango mzima kwa kidole. Meli, nadhani. Au samaki mwenye madirisha.

Kiti cha nyuma nimekuta kokwa tatu za limau na kitaulo kimekunjwa vizuri, hakijatumika. Kokwa nimezitia mfukoni. Ujumbe wa tajiri umeingia nikiwa Tunguu: kesho saa kumi alfajiri, uwanja wa ndege, wageni wawili, gari ing'ae.