Kaya, mama!

Jana nimemfuata mwanangu chekechea, hapa Perth, Australia. Badala ya shikamoo nikapokewa na "Kaya, mama!" Kaya? Mie Mdigo, kaya kwangu ni msitu wa wazee. Kumbe kwa Wanoongar, wenyeji wa asili wa huku, ndiyo salamu. Kuna bibi wa Kinoongar huja kuwafundisha. Anawakalisha chini ya mti, kila mtoto na mchanga mkononi, anawasimulia Waugal, joka lililoupasua mto Derbarl Yerrigan kwa kupita kwake.

Leo asubuhi mvua, namwambia avae sweta, ni winta. "Si winta, ni Makuru!" Wanoongar wana majira sita, mwanangu anayataja yote bila kukwama.

Kidigo chenyewe hajui hata salamu. Nimempigia bibi yake Kwale, jioni wanaongea.