Ombaomba wa mjini: toa, ila usiishie kwenye jero

Mjadala wa ombaomba unarudi kila wiki na siku yake ni Ijumaa. Anayefanya kazi Dar mjini kati anaelewa nachosema, kuanzia asubuhi mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi mpaka kule Kisutu wanapita wazee, vipofu walioshikwa mkono na wajukuu, akina mama na watoto mgongoni, wengine kwenye zile baiskeli za magurudumu matatu, wanaingia duka moja wanatoka la pili, na wenye maduka wengi wanakuwa wameshaandaa bakuli la sarafu, hamsini hamsini, mia mia, mia mbili, mtu anapokea anaomba dua anasogea mbele. Hakuna anayeulizwa maswali. Halafu sasa ukirudi ofisini ndo kelele zinaanza, huyu anasema mnalea uvivu, huyu anasema wale wana majumba Dodoma, mwingine anasema ukimpa hela anaenda kunywa gongo.

Mimi msimamo wangu ni huu na nausema mapema kabisa: mtu mzima akiniomba na mfukoni ninayo nampa, hela taslimu, na simfanyii usaili. Mtoto simpi hela. Na hiyo jero (mia tano) au buku (elfu moja) naihesabu ni salamu tu, msaada wenyewe unaanzia pengine kabisa na ndio huo nataka tuuongee leo maana hauongelewi.

Kwanza hii habari ya majumba. Imeanza zamani, wengi tumekua tukisikia stori za Matonya, yule mzee wa Dodoma ambaye alikuwa ombaomba maarufu kuliko wote Dar, akirudishwa kwao anarudi tena mjini, na kila mtu alikuwa na hesabu zake za utajiri wa Matonya ingawa hakuna aliyewahi kukuonyesha hata tofali. Sikatai kwamba wapo wanaodanganya, wapo, kama walivyopo wanaodanganya kwenye kila kazi mjini hapa. Lakini jamani hebu kaa na mzee mmoja pale nje ya benki nusu saa tu uangalie kopo lake linajaaje. Jua la saa saba, lami inachemka, watu mia wanapita anayeinama ni mmoja, na anachoweka ni mia mbili. Kama kweli mtu ana nyumba tatu akaamua kukaa pale kwa ajili ya hiyo mia mbili basi naye ana shida kubwa ya aina yake, na mimi mia mbili yangu imenitoka kwa nia njema haijapotea. Waislamu mnaijua ile aya ya Surat Dhuha, anayeomba usimkaripie, na sisi wakristo tumeambiwa kwenye Mathayo 5 akuombaye mpe, sijaona mahali palipoandikwa kwanza kagua mali zake.

La kunywa pombe nalo, sawa, wapo. Na mshahara wangu na wako mwezi huu umeenda wapi? Ukishampa mtu kitu kimekuwa chake.

Ila kuna kitu kinachanganywa sana na kinaharibu mjadala wote. Ombaomba na asiye na pa kulala mara nyingi ni watu wawili tofauti. Ombaomba wengi wa mchana jioni wanapanda daladala wanarudi walikopanga, chumba kimoja watu sita lakini ni chumba, na wapo wanaokuja mjini wakati wa kiangazi mvua zikianza wanarudi kwao kulima. Halafu kuna watu wanaolala nje kabisa ambao hawaombi mtu hata senti. Pita Kariakoo saa tano usiku maduka yamefungwa uone barazani, maboksi yametandikwa, mtu kajifunika kiroba mpaka kichwani. Hao ni vijana wa kubeba mizigo, wanaosukuma mikokoteni, wapiga debe, wauza maji, na akina mama pia wapo ila wanajificha zaidi kwa sababu zinazoeleweka. Mchana unawaona wanafanya kazi, tena ngumu kuliko yako. Kwa hiyo ukisema "wafanye kazi" unakuwa unaongea na nani?

Nimepata kumfahamu kijana mmoja wa hivo, jina nalihifadhi, nimemfahamu kwa sababu alikuwa anatubebea mizigo mara kwa mara. Nikawa namuuliza maswali ya kawaida tu na majibu yake ndo yalinifungua macho. Hapo barazani alikuwa analala kwa kumpa mlinzi jero kila usiku ili asifukuzwe na ili aamshwe kabla mwenye duka hajafika. Hela zake alikuwa anatunziwa na mama ntilie anayemuuzia ugali, kila jioni anampa alichobakiza, mama anaandika kwenye kidaftari, huyo mama ndiye benki yake, na alikuwa hajawahi kumdhulumu hata mia. Choo analipia, kuoga analipia, chakula kila mlo ananunua maana hana jiko, ukijumlisha unakuta maisha ya barazani ni ghali kuliko ya kwangu mimi mwenye chumba na jiko la gesi.

Nikamwambia sasa si upange chumba basi. Akaniangalia tu. Jamani tunasahau kodi ya mji huu inalipwaje. Tuseme chumba cha elfu hamsini huko Mbagala, mwenye nyumba anataka miezi sita, kwa mkupuo hiyo ni laki tatu, bado ya dalali ambayo ni kodi ya mwezi mmoja, bado godoro na ndoo. Mtu anayepata elfu saba leo kesho elfu nne keshokutwa hakuna, laki nne anaishika wapi mkononi kwa wakati mmoja? Elfu hamsini kwa mwezi anaiweza, tena vizuri tu. Kinachomlaza nje ni ule mkupuo.

Tukaja kwenye simu. Alikuwa na kisimu cha tochi lakini laini siyo yake, kwa sababu tangu lile zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole lililoanza 2019 bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hupati laini kwa jina lako. Na NIDA ili uipate unatakiwa uwe na cheti cha kuzaliwa au vielelezo vingine na barua ya serikali ya mtaa. Mtaa upi? Mwenyekiti wa mtaa atamwandikiaje barua mtu ambaye hajamuona akiishi kwenye nyumba yoyote, na kwao aliondoka mdogo, baba hayupo, cheti hakijawahi kuwepo. Kwa hiyo hana mtaa hana barua, hana barua hana NIDA, hana NIDA hana laini, hana laini hana M-Pesa, na ndio maana hela zake ziko kwenye kidaftari cha mama ntilie.

Na ukifuatilia unakuta karibu kila msaada wa serikali mlango wake ni ule ule. TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, imekuwa na mpango wa kunusuru kaya masikini na umewasaidia watu wengi kweli, lakini kaya zinatambuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, majirani wanakaa wanasema fulani na fulani ndo wenye hali mbaya, sasa wa barazani jirani yake ni nani wa kumtaja? Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ni kitu kizuri sana, lakini nenda kaombe uone, barua, kitambulisho, akaunti. Mzee ambaye ukoma ulishamla vidole miaka hiyo (na alishatibiwa, dawa ni bure na hakuambukizi, tuache kuwakwepa) mpaka awe na mtu wa kumsindikiza na kumsemea pale dirishani, vinginevyo anaishia getini.

Ndo maana nikasema jero ni salamu. Kinachomtoa mtu barazani ni mtu mwingine mwenye mtaa kukubali kusimama naye. Kwa yule kijana tulichangishana kwenye grupu letu la WhatsApp, wengine elfu tano wengine ishirini, tukapata mwenye nyumba mmoja muelewa akakubali miezi mitatu badala ya sita, na rafiki yangu akajitolea kuandika jina lake kama mdhamini. Hela tulimpa mwenye nyumba wenyewe lakini kijana alikuwepo na mkataba alisaini yeye, hilo nililisisitiza, chumba ni chake siyo cha wafadhili. Wiki hiyo hiyo akaenda kwa mjumbe kujitambulisha. Mjumbe akamuandika kwenye daftari lake. Godoro alinunua mwenyewe kwa hela iliyokuwa kwa mama ntilie, na aisee alivyolibeba kichwani kutoka dukani hata bodaboda hakutaka.

Siyo kwamba kila mtu atafanikiwa. Wapo watakaochukua hela wakapotea na wapo wenye matatizo ya akili ambao wanahitaji hospitali kwanza, hapo afisa ustawi wa jamii ndo wa kumtafuta, wapo kwenye kila halmashauri, na ukiwasumbua kwa upole wanakuja.

Sasa watoto. Hapa nakuwa mkali kidogo mnisamehe. Yule mtoto wa kwenye taa anayegonga kioo na kitambaa cha kufutia, au aliyetumwa na mtu mzima aliyekaa kivulini upande wa pili wa barabara, hela unayompa haifiki tumboni kwake, na akipata nyingi ndo anaonekana anafaa kubaki pale kesho asiende shule. Na kuna mabaya zaidi ya hapo. Mwaka 2022 BBC ilionyesha jinsi watoto wa Kitanzania wenye ulemavu walivyochukuliwa kwa wazazi wao kwa ahadi za maisha mazuri wakapelekwa Nairobi kuombeshwa barabarani, jioni hela yote inakusanywa na aliyewaleta. Watoto wetu. Watu wa Nairobi walikuwa wanatoa kwa huruma kabisa bila kujua huruma yao inalipia biashara ya namna hiyo. Kwa hiyo mtoto mnunulie chakula ale pale pale mbele yako, chapati na maharage kwa mama lishe, hicho hakuna wa kumnyang'anya, muulize jina lake, halafu piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto na ni bure, waeleze uko wapi na umeona nini. Ukipiga mara moja huenda usione kitu, piga tena. Mama mwenye mtoto mchanga mgongoni hapo mimi nampa mama hela, najua wengine hawakubaliani na mimi kwenye hili, lakini mtoto wa miezi minne anakula anachokula mama yake.

Na hii ya kuwakamata na kuwarudisha makwao hebu tuiseme pia. Mwaka 2016 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati huo aliagiza ombaomba waondoke jijini, na haikuwa mara ya kwanza, wanaondolewa wanarudi, kwa sababu huko anakorudishwa ndiko njaa ilikomtoa na hakuna kilichobadilika zaidi ya nauli. Sheria inayotumika ni Kanuni ya Adhabu kifungu cha 176, ile ya uzembe na uzururaji, kuomba hadharani kumewekwa humo humo. Sheria za namna hii tumerithi kwa mkoloni. Disemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo inakaa hapa hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na nchi zinatakiwa kuzifuta au kuzirekebisha. Yani jibu limetokea Arusha, mwendo wa siku moja tu kwa basi, na bado kuna mzee anapandishwa kwenye karandinga kwa kosa la kunyoosha mkono.

Siku ambayo huna kitu pia kuna namna. Usijifanye unaongea na simu, usipandishe kioo kama umeona nyoka. "Shikamoo mzee, leo nisamehe sina." Basi. Wengi watakuitikia marahaba na watakuombea. Yule kijana aliniambia kilichokuwa kinamuumiza zaidi barazani, kuliko mbu na kuliko mvua, ni watu kumruka asubuhi wakati wanaingia dukani bila hata kumwambia samahani.

Sasa hivi tunahangaikia cheti chake cha kuzaliwa, tumeshampata ndugu wa marehemu mama yake huko kwao ambaye amekubali kumsemea, cheti kikitoka tunaenda NIDA. Na kuna mwenzake wa baraza lile lile naye ameomba tumsaidie chumba, hela ya mwezi wa kwanza anayo kwa mama ntilie. Mwenye kumfahamu mwenye nyumba Temeke, Mbagala au Gongo la Mboto anayekubali kupokea kodi mwezi kwa mwezi naomba aniambie, mdhamini tunaye tayari.