Walitembea Kinyumenyume

Tafakari ya wiki. Somo: Mwanzo 9:20-23

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii naanza na kosa langu, maana wengi wenu mlikuwamo kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yetu kosa hilo lilipotokea, mkaitikia amina, na hakuna hata mmoja aliyenivuta pembeni.

Kwaresima ya mwaka jana nilikwenda hospitali kumwona mzee mmoja wa jumuiya yetu. Nilimkuta amepitiwa na usingizi, mdomo wazi, dripu mkononi, shuka limeteleza hadi chini ya kiuno. Mimi ni katibu, na katibu kazi yake kutoa taarifa. Nikapiga picha. Nikaandika jina lake, namba ya wodi, na ugonjwa kama nilivyousoma kwenye faili lililokuwa miguuni pa kitanda, nikamalizia na "tumkumbuke katika sala". Kabla sijafika kituo cha daladala, amina zilishapita ishirini. Nilipanda gari nikiwa nimeridhika kabisa.

Nisilolijua ni kwamba mzee alikuwa hajawaambia wanawe. Alisubiri majibu ya mwisho ya daktari ili awaite wote, awaeleze kwa mdomo wake mwenyewe kama baba. Binti yake aliye mkoani akaipata ile picha kutoka kwa mtu aliyesoma naye zamani, ambaye hata si wa parokia yetu. Halafu kuna jambo lingine, dogo, ila nadhani ndilo lililomuuma mzee zaidi. Alikuwa katika mazungumzo ya kuuza kiwanja. Mnunuzi akashusha bei. Alishajua mwenye mali amebanwa.

Alipotoka hospitali aliniita nyumbani kwake, tukanywa chai. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Katibu, ile siku ulipoingia, mbona hukunivuta shuka kwanza?"

(Habari hii naisimulia kwa ruhusa yake. Ameisoma kabla yenu, akafuta mistari miwili.)

Tangu siku ile sisomi habari za Nuhu kama nilivyokuwa nikizisoma. Nuhu alilima, akapanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi ndani ya hema lake. Ndani ya hema lake, jamani, hakuwa barabarani. Hamu akaona, akatoka nje, akawaambia ndugu zake wawili. Maandiko hayasemi kwamba alicheka. Sisi wahubiri ndio tunaomchekesha. Hakumvua baba yake nguo, hakuongeza chumvi, na alichokisema kilikuwa kweli tupu. Kosa lake limo katika zile hatua chache za kutoka hemani kwenda nje, akiwa amebeba kitu ambacho kilikuwa cha mle ndani.

Niseme na hili upesi, kwa kuwa bado nasikia watu wakirudia kwamba Waafrika ni uzao wa Hamu uliolaaniwa: laana inayotajwa mistari inayofuata ilitamkwa juu ya Kanaani, mwana wa Hamu, wala haina neno lolote kuhusu rangi ya ngozi. Waliolitumia fungu hili kuhalalisha utumwa wa Waafrika waliongeza ya kwao.

Shemu na Yafethi walikuwa wamekwisha kuambiwa. Wasingeweza tena kuwa watu ambao hawajasikia. Kilichobaki mikononi mwao ni macho yao na miguu yao. Wakatwaa nguo, wakaiweka mabegani, wakaingia kinyumenyume, nyuso zimeelekea kwingine, wakamfunika.

Jaribuni nyumbani. Wawili mbebe shuka mabegani, mrudi kinyumenyume hadi chumba ambamo mtu amelala sakafuni. Utakwenda taratibu, unapapasa kwa kisigino, na pengine utajikwaa. Ingekuwa rahisi zaidi kuingia kawaida, kutupa jicho, kufunika na kutoka, na Nuhu angefunikwa vilevile. Ila alipoamka, walikuwapo wana wawili aliokuwa na uwezo wa kuwatazama machoni kwa sababu hawakumwona.

Picha ikitua kwenye simu yako hukuiomba. Umekwisha kuwa kama Shemu aliyeitwa nje akaambiwa. Bado una kidole chako. Kuifungua na kuikuza ili uone vizuri ni uamuzi, na kuipeleka mbele ni uamuzi mwingine.

Najua utetezi wetu, maana nami niliutumia kwa mke wangu jioni ile: "Lakini ni kweli anaumwa!" Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatenganisha dhambi mbili ambazo sisi huzichanganya. Anayesema uongo juu ya mtu anasingizia. Anayefunua kasoro ya kweli ya mtu kwa wasioijua, bila sababu ya haki, naye ana kosa, na ukweli wa maneno yake haumwondolei. Ukisogea hadi namba 2489 unakuta kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 220, inakataza kuharibu jina jema la mtu na pia kuvunja haki yake ya kulinda faragha yake. Kwa upande wa serikali, Katiba yetu ya Tanzania inayo ibara ya 16 kuhusu faragha, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayoziweka habari za afya na za miamala ya fedha katika taarifa nyeti. Sikuja kufundisha sheria. Nashangaa tu kwamba Bunge limekaa likaandika jambo ambalo mzee wangu alilisema kwa swali moja la shuka.

Sasa tufike kwenye linalonisumbua zaidi, yaani sala zenyewe. Kwetu sisi waamini umbeya hauingii kwa mlango wa umbeya, huingia umevaa rozari. "Tumwombee dada yetu, ndoa yake inapita kwenye majaribu, mume amehama nyumbani tangu Jumapili." "Tumsalie kijana wetu, vipimo vimetoka vibaya." Nani kati yetu angethubutu kuyasema hayo bombani au sokoni? Tukiyafunga na "tumwombee" yanageuka huduma. Nimejiuliza sana: nilipoandika jina la ule ugonjwa, nilimwandikia nani? Mungu alikuwa anaujua kabla ya daktari.

Someni Marko sura ya 5. Yesu anakwenda kwa Jairo, na njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 analigusa vazi lake. Mtu anaweza kuniambia: mbona hapo Bwana alimwita mama wa watu mbele ya umati? Ni kweli, alimwita. Lakini hakuutaja ugonjwa wake. Aliuliza nani aliyemgusa, akangoja, na yule mama akaja akaeleza mwenyewe kweli yote. Simulizi ilibaki kuwa yake. Kisha wakafika nyumbani kwa Jairo, Yesu akawatoa nje watu wote waliokuwa wakilia na kupiga kelele, akabaki na wazazi na wanafunzi watatu, na mwisho akakataza habari isitangazwe. Sura ya 7 analetewa kiziwi mwenye kigugumizi, naye anamtenga na mkutano faraghani ndipo anamponya. Faragha, neno tunalodhani ni la wanasheria wa mjini, limo katika Injili tangu kale.

Na grupu si jumuiya, ingawa tumelipa jina hilo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika mkutano wao wa 1976, walikuwa wanawaza majirani, watu wanaojua geti la nani linalia na mtoto wa nani amerudi likizo. Alhamisi tunasali watu 14, tukiwa wengi 20. Grupuni tuko 87. Hao wengine ni akina nani? Wapo waliohama zamani, wapo walioongezwa kwa ajili ya harusi fulani wakasahaulika, na kuna namba ambazo hata mwenyekiti hazitambui. Mnakumbuka asubuhi ile namba ya marehemu mama yetu ilipoandika "samahani, ninyi ni nani?" Wapo walioruka kutoka vitini. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na huyo mtu, kijana wa watu asiye na hatia, alijikuta amezungukwa na novena.

Watu hunijibu kwamba WhatsApp ina ulinzi, ujumbe unafungwa njiani asiusome mtu. Ndivyo ulivyo tangu 2016. Lakini kufuli hilo humzuia mwizi wa njiani tu. Picha yangu haikuibwa njiani. Ilifika salama, ikapokewa na watu 86, na mmoja wao, kwa moyo mwema kabisa, akaifowadi. Mwaka 2019 wenye programu waliweka kikomo cha kufowadi, ujumbe mmoja usiende zaidi ya sehemu tano kwa mara moja, na 2020 wakaubana zaidi ule uliokwisha kuzunguka sana. Nilijaribu kuifuta ya kwangu. Ilifutika grupuni, ikabaki kwenye matunzio ya simu nisizozijua. Yoshua bin Sira, sura ya 27, anamlinganisha aliyefichua siri ya rafiki na mtu aliyemwachia ndege mkononi: asimfuate, amekwisha kwenda mbali. Huyohuyo, sura ya 19, anatutania sisi wenye midomo mizito kufungwa: neno ulilolisikia lifie ndani yako, usiogope, halitakupasua. Mimi nilidhani litanipasua.

Niguse na orodha za michango, kwa ufupi kwa sababu naona aibu, mwandishi wake ni mimi. Jina, kiasi, alama ya vema. Jina, kiasi, deni. Yupo mama aliyetoa 2,000 chini ya mtu aliyetoa 50,000, na tangu wiki ile hajaonekana Alhamisi. Sijamuuliza kwa nini. Mweka hazina ana daftari, na daftari linatosha kwa hesabu. Kuanzia mwezi huu grupuni itaandikwa jumla tu, na wenye kunung'unika waje kwangu.

Mtu asinielewe vibaya hapa. Nuhu alimdhuru nani? Alilala uchi kwake. Mtoto anapoumizwa, mke anapopigwa, fedha za watu zinapoliwa, hilo si jambo la kufunikwa kwa vazi, na asiwepo mzee wa kanisa atakayekuja na Mwanzo 9 kunyamazisha kilio. Hayo yapelekwe panapohusika: polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, ustawi wa jamii, paroko. Grupu halimo katika orodha hiyo. Hata pale, mtoto aliyeumizwa anahitaji kusitiriwa kuliko mtu yeyote, na picha yake ndiyo huwa ya kwanza kuzunguka.

Nimalize na la wiki hii. Jumanne mtu mmoja alinipigia simu, akanieleza jambo lake, akaomba jumuiya imsalie bila kumtaja. Nikaandika: "Mmoja wetu anahitaji sala leo. Mungu anamjua." Hazikupita dakika mbili. "Nani huyo?" Kisha: "Anaumwa nini?" Kisha mwenyekiti mwenyewe: "Katibu, fafanua."

Nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikaenda kufungia kuku. Niliporudi nikaigeuza. Yule mzee wa kiwanja, ambaye huandika mara chache, tena kwa herufi kubwa zote, alikuwa ameandika: SALAMU MARIA UMEJAA NEEMA. Chini yake mtu mwingine akaendeleza: Bwana yu nawe.